Re: Mtoto wa miaka 4 anang'ata wenzake, Head Start wanataka nimtoe

Dada, usisaini fomu ya kumtoa. Kanuni za Head Start (mpango wa serikali kuu ya Marekani wa chekechea kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo), tangu 2016, haziruhusu mtoto kufukuzwa kwa sababu ya tabia. Kumsimamisha kwa muda kunaruhusiwa tu kama hatua ya mwisho, pale usalama unapokuwa hatarini kweli, na sharti kwanza wakushirikishe wewe na mshauri wa afya ya akili.

Shida kubwa ni kule kufukuza kwa mlango wa nyuma: "njoo umchukue mapema" kila siku mpaka uchoke mwenyewe. Kila simu ya namna hiyo andika tarehe, saa na sababu. Omba pia kumbukumbu zao: aling'ata saa ngapi, kabla yake kulikuwa na nini, mwalimu alifanya nini. Mara nyingi utakuta ni saa ileile, mathalani wakati wa kubadili shughuli.

Kisha iandikie wilaya ya shule (mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo lako) ukiomba tathmini ya mahitaji maalumu. Ombi la mdomo hupotea. Ukishasaini ridhaa ya tathmini, wana siku 60 za kuikamilisha, isipokuwa jimbo lako limeweka muda wake.

Kituo binafsi kisicho cha Head Start ni habari nyingine. Hapo sheria ya jimbo ndiyo huamua mengi.