Paka akiliona tenga tu, haonekani

SWALI: Shikamoo daktari. Paka wangu akiliona tenga tu, anaingia uvunguni. Juzi tukienda chanjo ya kichaa cha mbwa alinikwaruza mkono mzima juu ya bodaboda. Nifanyeje? Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Marahaba. Tenga lenyewe analiona siku ya sindano tu; hata mimi ningekimbia. Litoe stoo leo, liache wazi sebuleni, tandika kanga uliyoivaa (usiifue, anataka harufu yako), kisha kila jioni mtupie dagaa wawili watatu humo. Baada ya wiki kadhaa utamkuta kajikunja humo mwenyewe.

Siku ya safari usimshibishe, maana atatapika. Bodaboda achana nayo, panda bajaji, tenga ulipakate likiwa limefunikwa. Ukifika, usiliweke sakafuni penye pua za mbwa. Mwombe daktari ampime humohumo, kifuniko kikiwa wazi. Mimi wengi nawapima hivyo.

Na tafadhali, wapo wanaompa panadoli ili “atulie”. Hata robo kidonge usithubutu, kwa paka ni sumu. Akihema mdomo wazi, mwambie daktari papo hapo.