Kupanga nyumba Kasanda, Kabwe

Dada, nimekuelewa: mumeo kahamishiwa Kabwe, Zambia, mmepata nyumba ya bei poa Kasanda, uani vumbi tupu, na mtoto ndiyo kwanza anatambaa. Mimi nisingepanga hapo. Mgodi wa risasi wa hapo jirani ulifungwa 1994, lakini madini ya risasi yamebaki kwenye udongo, na mtoto huyameza akilamba vidole. Tafuteni mtaa ulio mbali zaidi na mgodi.

Kama mmeshalipa kodi, pigeni deki kwa maji, msifagie pakavu. Viatu viishie mlangoni. Pandeni nyasi uani. Mtoto anawe mikono kabla ya kula, na mayai ya kuku wanaodonoa hapo uani msimpe. Mpelekeni kliniki apimwe damu hata akionekana mzima, maana sumu hii huanza kimyakimya.