Ukaguzi wa Hewa ya Mgandamizo Viwandani: Maneno kwa Fundi Anayeanza Kazi Tabora

Mwenye kiwanda anayekuita kukagua mfumo wake wa hewa ya mgandamizo mara nyingi huwa ameshaamua jambo moyoni: anataka umwambie anunue kompresa kubwa zaidi, yaani mashine ya kubana hewa na kuisukuma kwenye mabomba. Ndivyo ilivyokuwa katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba mkoani Tabora nilikofika nikiwa bado mgeni katika kazi hii. Mashine zilizokuwa mwisho wa bomba zilikosa nguvu kila mchana. Geji ya kule, yaani saa ya kupimia mgandamizo, ilisoma bar 5 (bar ni kipimo cha mgandamizo) wakati kompresa ilikuwa ikitoa bar 8, na kila mtu aliamini kwamba kompresa imezeeka. Nilitumia siku mbili nzima kuichunguza kompresa hiyo. Siku ya tatu fundi wa zamu ya usiku, mzee aliyekuwa amefanya kazi pale kwa misimu mingi, aliniuliza kama nimewahi kukaa kiwandani baada ya mashine kuzimwa. Nilikaa usiku ule. Mashine zote zilinyamaza, lakini kompresa iliendelea kujaza na kupumzika, kujaza na kupumzika, na kutoka kila pembe ya jengo ulisikika mlio wa hewa inayotoroka. Tangu hapo huanzia ukaguzi wangu kule hewa inakotumika, na kompresa naifikia mwisho.

Utaratibu huo una sababu yake. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye kompresa hugeuka kuwa joto, na katika kila uniti 100 ni kama 10 hadi 15 tu zinazokuja kufanya kazi kwenye silinda inayosukuma sehemu za mashine au kwenye bunduki ya hewa, kifaa cha mkononi cha kupulizia. Hewa hiyo ni nishati ya bei ghali kuliko umeme wenyewe, ilhali ikivuja haiachi doa sakafuni kama mafuta au maji, kwa hiyo hakuna anayeiona. Katika viwanda visivyofuatilia jambo hili, uvujaji hufikia asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote inayozalishwa. Kiwanda kinachojitunza hubaki chini ya asilimia 10.

Kupima uvujaji hakuhitaji kifaa cha kigeni. Subiri mashine zote zizimwe, acha mfumo ukiwa na mgandamizo wake wa kawaida, kisha kwa saa ya mkononi pima sekunde ambazo kompresa inajaza na sekunde ambazo inapumzika, ukirudia angalau mara tano na kutafuta wastani. Tuseme kompresa ya skrubu, ile inayobana hewa kwa skrubu zinazozunguka, inayotoa mita za ujazo 6 kwa dakika inajaza kwa sekunde 50 na kupumzika kwa sekunde 110. Gawanya 50 kwa 160, utapata asilimia 31, yaani karibu mita za ujazo 1.9 kila dakika zinakwenda bure. Ikiwa kompresa hiyo hutumia kilowati 6.5 kwa kila mita ya ujazo kwa dakika, uvujaji huo unaonekana kula kilowati 12. Hapa ndipo wageni wengi hukosea kwa kumwahidi mwenye kiwanda kilowati zote hizo. Kompresa ya skrubu inapopumzika bado huvuta karibu theluthi moja ya umeme wake, kwa hiyo kuziba matundu yote kutaokoa kama kilowati 8 tu, mpaka pale udhibiti wa kompresa nao utakaporekebishwa. Kwa kiwanda kinachofanya kazi saa 20 kwa siku, hizo ni uniti 160, nazo ni fedha nyingi kwa msimu mzima. Taja hiyo 160, wala usitaje 240 zinazotokana na zile kilowati 12, kwa sababu ankara ya mwezi unaofuata ndiyo itakayokuhukumu.

Jambo la pili ni mwinuko. Mji wa Tabora uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mgandamizo wa karibu bar 0.88, wakati vitabu vingi hukokotoa kwa bar 1 ya pwani. Ukipima uvujaji kwa kuzima kompresa na kutazama tangi likishuka, tuseme tangi na mabomba vyenye mita za ujazo 2 vikishuka kutoka bar 7 hadi bar 6, hewa iliyopotea ikipimwa katika hali ya hapa kwetu ni mita za ujazo 2.27, si 2. Vilevile mashine iliyoandikiwa kiasi cha hewa kwa kipimo cha pwani itahitaji ujazo mkubwa zaidi ikifungwa Tabora, na hata ikifungwa Kigoma, ambako ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 760 juu ya bahari.

Kuhusu umeme nitasema kwa kifupi: usitegemee ampea peke yake. Mota inayozunguka bila mzigo huvuta ampea nyingi ambazo hazigeuki kuwa kazi, na atakayezizidisha kwa volti atapata jibu lililopotoka. Tafuta mita inayorekodi kilowati, iache kwa wiki nzima, Jumapili ikiwemo.

Nirudi kwenye kiwanda kile cha pamba. Zile bar 3 zilizopotea njiani zilikuwa na maelezo. Chujio lililotangulia bomba kuu lilikuwa limeziba, na mashine za mwisho zilikuwa zimeongezwa baadaye kwa mpira mwembamba uliounganishwa mara nne. Kwa kawaida upotevu kutoka kwenye kompresa hadi mashine ya mbali kabisa haupaswi kuzidi asilimia 10 ya mgandamizo wa mwanzo. Badala ya kutafuta kizuizi, watu walikuwa wamepandisha kompresa kutoka bar 7 hadi bar 8, na kila bar moja inayoongezwa katika kiwango hicho hudai umeme zaidi kwa asilimia 6 hadi 7, tena huyafanya matundu yote yavuje kwa nguvu zaidi. Chujio la kuingizia hewa nalo lilikuwa limefunikwa na nyuzi za pamba, na chumba cha kompresa kilikuwa kikivuta tena hewa ya moto kiliyoitoa chenyewe. Mvua zinapoanza mwezi Novemba, maji huongezeka kwenye tangi, na wahudumu huacha bomba la kutolea maji wazi kidogo usiku na mchana. Hilo nalo lihesabu kama tundu.

Unapotafuta matundu tumia maji ya sabuni na brashi, na funga kitambaa chekundu kila unapoona povu. Usipapase kwa kiganja, kwa maana hewa yenye mgandamizo inaweza kupenya ngozi, na kwa sababu hiyohiyo wakataze bila kuona haya wafanyakazi wanaojipuliza nyuzi mwilini kwa bunduki ya hewa.

Baada ya matengenezo rudia kipimo kilekile, usiku uleule wa juma, kwa mgandamizo uleule, kisha andika namba mbili kwa kufuatana: ya kabla na ya baada. Katika kiwanda kile tulibadilisha chujio, tukaweka bomba pana badala ya ule mpira, tukaziba matundu yaliyofungwa vitambaa, na kompresa ikarudishwa bar 7. Geji ya mwisho wa bomba ilisoma bar 6.4 mchana wa kazi, na kompresa ileile iliyodhaniwa kuzeeka ndiyo iliyomaliza msimu.