Sangara wa sentimita hamsini kamili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko darasa la sita, tunaishi Igoma, hapa Mwanza. Alipewa zoezi la nyumbani: "Orodhesha namba kamili zote zisizopungua −3 na zilizo chini ya 2." Nikamwelekeza kwamba zisizopungua maana yake ni zilizo zaidi ya, akaandika −2, −1, 0, 1. Mwalimu wake akamkosesha. Halafu huyo binti naye ananisahihisha kila nikisema "toa tatu". Anasema ni "hasi tatu". Sisi tulisoma "toa". Nani yuko sahihi? Na je, niende shuleni nikadai alama yake? — Mama wa Igoma.

JIBU: Marahaba, mama. La toa na hasi ni jepesi, tulimalize kwanza. Toa ni kitenzi, ni kazi unayoifanya. Ndiyo ile TO iliyo mkiani mwa MAGAZIJUTO, baada ya mabano, kugawanya, kuzidisha na kujumlisha. Hasi ni sifa ya namba yenyewe, hata ikiwa imejikalia tu haina kazi. Kwenye 5 − 3 sema "tano toa tatu", hakuna atakayekugusa. Lakini −3 iliyosimama peke yake ukiiita "toa tatu", nitakuuliza nitoe wapi. Na siku ukikutana na 5 − (−3) utabaki unasema "tano toa toa tatu" kama mtu anayefukuza kuku kwenye mpunga. Binti anasema "tano toa hasi tatu", anapata nane, anaendelea na maisha yake. Yuko sahihi. (Hasi ina pacha wake, kitenzi kuhasi, kinachowahusu mafahali. Wafugaji wa Usukumani hawahitaji nifafanue, nami nitamwacha huko huko zizini.)

Simlaumu mtu kwa kutoizoea hasi. Vitabu hupenda kuieleza kwa barafu na kwa usawa wa bahari. Barafu ya Mwanza inatoka kwenye friji. Na bahari? Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilindi chake ni mita themanini na kidogo. Ukizama mpaka kwenye tope la chini kabisa bado uko chanya, tena kwa zaidi ya kilomita nzima. Hasi ya kweli huku kwetu iko kwenye daftari la madeni la Mangi mwenye duka. Humo ndimo mtoto anaweza kuona kwa nini −5,000 ni ndogo kuliko −2,000 ingawa deni la elfu tano ndilo kubwa: deni likinenepa, mwenye deni anakonda.

Sasa tuje kwenye lililonikosesha usingizi. "Zisizopungua maana yake ni zilizo zaidi ya." Mama, nani kakufundisha hayo? Usijibu, ninawajua. Ni wabandika matangazo wanaotaka kijana "mwenye umri zaidi ya miaka 18" kisha wanampokea aliyetimiza 18 siku hiyo hiyo, na hakuna anayeona ajabu. Ni waandika kanuni za vikundi. Kikundi changu cha kufa na kuzikana kina kanuni isemayo "atakayekosa zaidi ya vikao vitatu atalipa faini". Mimi nilikosa vitatu. Vitatu, si vinne. Mweka hazina akanitaka nilipe. Nikasimama, nikaeleza kwa upole kwamba zaidi ya tatu huanzia nne, kwa sababu kikao hakikatwi vipande. Nikatoa mifano. Watu wakatazama sufuria la pilau, kisha wakanitazama mimi. Nililipa.

Wenye kanuni ile walitaka kusema "vikao visivyopungua vitatu", au kwa urahisi zaidi "vikao vitatu au zaidi". Hawakusema, nami nikatozwa faini kwa walichokifikiria, si kwa walichokiandika.

Nichukue mfano ninaoupenda, na wanaonijua wanivumilie. Sangara. Kanuni za uvuvi wa ziwa hili zinakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50. Chukua rula, mlaze sangara wako juu ya ubao pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, pua huku, mkia kule. Akiwa na 49, hana utetezi. Akiwa na 51, apelekwe kwenye mizani. Sasa mlete wa 50 kamili. Kanuni inakataza walio chini ya 50, na huyu hayuko chini ya 50, kwa hiyo ni halali. Lakini mpe kazi ya kuitangaza kanuni hiyo hiyo mmoja wa hawa ndugu zangu wa "zaidi ya". Atashika kipaza sauti na kusema: "Anayeruhusiwa ni sangara wa zaidi ya sentimita 50!" Papo hapo samaki yule yule, urefu ule ule, amekuwa mhalifu. Hakurefuka wala hakufupika. Amekaa kimya juu ya ubao, macho kodo, anahukumiwa na neno.

Najua mtu ataniambia: mwalimu, sangara wa hamsini kamili amepatikana lini? Ndugu yangu, kila mpaka una mtu aliyekaa juu ya mstari. Darasani anaitwa −3. Kwenye kikundi changu naitwa mimi.

Na kinachoniuma ni kwamba neno tunalo, tena zuri kuliko la wengi. Kiswahili kinapotaka kuweka mpaka kwa uhakika, kinakanusha. Asiyepungua. Asiyezidi. Haisemi yuko wapi. Inasema hajavuka, basi, na aliyesimama juu ya mstari anabaki ndani. Wanahisabati wenyewe walihangaika. Alama za < na > zilichapishwa kwanza mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, yeye akiwa amekwisha kufa. Ile yenye mistari chini yake, ya kumhesabu na aliye mpakani, inatajwa kuwa ya Mfaransa Pierre Bouguer, mwaka 1734. Ni zaidi ya miaka 100 baadaye. Hapo "zaidi ya" imekaa mahali pake, maana miaka yenyewe ni 103. Bibi yangu alisema "watu wasiopungua ishirini" bila kuhitaji alama ya Mwingereza wala ya Mfaransa.

Hata Katiba ya mwaka 1977 inajua. Ibara ya 5 inampa haki ya kupiga kura raia "aliyetimiza umri wa miaka kumi na minane". Aliyetimiza! Jana alikuwa 17, leo katimiza, anaingia. Aliyeandika hivyo alikuwa na sikio. Angeandika "zaidi ya miaka kumi na minane", tungekuwa tunabishana vituoni mpaka leo.

Shuleni wana msemo wao, "kubwa kuliko au sawa na". Nimechoka kuupiga vita. Ni mrefu kama foleni ya kivuko cha Kigongo enzi zile kabla ya daraja, na unanuka tafsiri, lakini angalau hausemi uongo. Umeona hiyo "angalau"? Hapo ndipo kwao. Angalau ni neno la kujifariji: hatukupata sangara, angalau tumepata dagaa. Anayeandika "x iwe angalau 5" sijui anamfariji nani. Andika "x isipungue 5".

Kuhusu "isizidi" nitasema kidogo tu, maana mkoa huu hauna utani nalo. Tulizika waliozama na MV Bukoba mwaka 1996, tukazika waliozama na MV Nyerere mwaka 2018. Chombo kikiandikwa abiria wasiozidi idadi fulani, neno hilo halina "kama hivi" wala "mmoja tu jamani".

Nirudi kwa binti. Namba kamili zisizopungua −3 na zilizo chini ya 2 ni −3, −2, −1, 0 na 1. Ni tano. Hiyo −3 haijapungua −3. Ingepunguaje mahali ilipo? Na 2 haimo, kwa sababu swali lilisema chini ya 2, na mwalimu aliyelitunga alichagua maneno mawili tofauti kwa makusudi, ncha moja imefungwa na nyingine imeachwa wazi. Mwalimu huyo anajua Kiswahili. Ningemjua ningempa nafasi yangu hii.

Kwa hiyo usiende shuleni, mama. Alama ya mtoto umeila wewe. Mtake radhi, na ukipita Mwaloni jioni mnunulie sangara. Wa hamsini kamili anatosha.