Maabara mbili, majibu mawili: kipimo cha Down kwa damu ya mama

Mkuu, umeuliza kama shemeji yetu kapigwa pesa: mimba ya wiki 12, kapima kama mtoto ana Down (kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili), maabara ya kwanza inasema "jibu halikupatikana", ya pili inasema "hatari ndogo", na damu zote katoa wiki hiyo hiyo. Si lazima awe kapigwa. Nimefanya kazi mapokezi ya sampuli kwenye maabara binafsi hapa Dar, vipimo hivi tulikuwa tunavituma nje, na majibu ya kupishana hivyo nimeyaona sana.

Kinachosomwa ni vipande vifupi vya DNA vinavyoelea kwenye plazma ya mama, yale majimaji ya damu yasiyo na seli. Vingi ni vya mama mwenyewe; vile tunavyoviita vya mtoto hutoka kwenye kondo la nyuma. Mtafiti Dennis Lo na wenzake ndio walioonyesha mwaka 1997 kwamba vimo. Kuanzia wiki ya 10 sehemu ya mtoto huwa kama asilimia 10 kwa wastani, ila mama mwenye uzito mkubwa huwa nayo kidogo zaidi. Maabara nyingi zikikuta iko chini ya asilimia 4 hazitoi jibu. Nyingine zinatoa. Na kwa kuwa kila moja ina namna yake ya kukokotoa, 4 ya hii si lazima iwe 4 ya ile. Nahisi shemeji kakwama hapo.

Halafu kuna tyubu, ambayo watu wanaidharau. Ile ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha zambarau, damu ikikaa humo muda mrefu bila kupita kwenye sentrifuji, mashine ya kuizungusha ili plazma ijitenge na seli, seli nyeupe zinapasuka na kumwaga DNA ya mama, ya mtoto inamezwa. Zipo tyubu maalumu zenye dawa ya kuzuia seli zisipasuke, zinavumilia siku kadhaa bila friji. Kuna kliniki zilikuwa zinatuletea ya zambarau imelala usiku kucha, saa ya kutolewa haijaandikwa. Nilikuwa nazirudisha, na walinichukia kwelikweli. Ingekuwepo kanuni moja ya wote, tyubu gani, saa ngapi, izungushwe mara ngapi, mpaka wa kutoa jibu ni upi, nisingegombana na mtu. Ilivyo sasa kila kampuni ina kijitabu chake.

Na hata ingekuja "hatari kubwa", msikimbilie uamuzi. Tuseme wajawazito 10,000, wenye mtoto wa Down ni 10, na kipimo kinakosea kwa 1 tu kati ya 1,000 ambao hawana. Hao ni wengine 10 watakaotishwa bure, yaani nusu kwa nusu! FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilionya Aprili 2022 kwamba majibu haya peke yake yasitumike kuamua hatima ya mimba. Uhakika ni kuvuta maji ya chupa ya uzazi, kuanzia wiki ya 15.

Kwa sasa itazame ile ripoti ya pili. Kama asilimia ya DNA ya mtoto haijaandikwa, wapigie waitaje, pamoja na mpaka wanaotumia. Wakikataa, mimi jibu lao nisingelitegemea. Na ultrasaundi ya wiki 18 hadi 22 asiiache, kwa majibu yoyote yale.