Jibu: Eskaveta ndogo iliyotumika, saa 4,000, ninunue?
Mkuu, kwa mashine ya tani 3 saa 4,000 za kazi si sababu ya kuikataa, ila mita ya saa hubadilishwa. Amini pini (vyuma vinavyounga viungo vya mkono wa kuchimba) kuliko mita. Bakuli la kuchimbia likiwa limeinuliwa kidogo na injini imezimwa, lisukume kushoto na kulia: likicheza sana, pini na bushi (mikono ya chuma inayozunguka pini) zimelika, na hapo bei lazima ishuke. Kisha inua bumu (mkono mkuu) juu, zima, subiri dakika 10. Likishuka lenyewe sana, huenda sili za silinda au vali za haidroliki zinavujisha kwa ndani. Mwambie muuzaji asiiwashe mashine kabla hujafika. Injini ya moto huficha ugumu wa kuwaka. Ukishanunua, grisi kila siku, oili ya injini kila saa 250. Oili ya mota za kutembelea (zinazozungusha minyororo ya chini) wengi huisahau, na mota hizo ni ghali kweli.