Aljebra ya Chuo Baada ya Miaka Mingi

Swali: Nina miaka 34, ninaishi Majengo, Moshi, na nimejiunga na stashahada ya uhasibu. Muhula huu tunasoma aljebra ya utangulizi, nami sijagusa hisabati tangu kidato cha nne. Mhadhiri akianza kufungua mabano, ninapotea. Je, niahirishe somo?

Jibu: Usiahirishe, dada, kwani aljebra unaifanya sokoni. Tuseme umenunua Mbuyuni mikungu mitatu ya ndizi ya bei moja, ukalipa bodaboda shilingi 2,000, na pesa zote zilizokutoka ni 32,000; basi, tukiita bei ya mkungu mmoja x, 3x + 2,000 = 32,000. Unatoa nauli kwanza, unagawanya kwa tatu, na kila mkungu ni 10,000.

Kuhusu mabano, nashuku unateleza pale wanapoteleza wengi, yaani kuandika kwamba (x + 3)² ni x² + 9. Weka 2 mahali pa x: upande wa kwanza unatoa 25, wa pili 13. Zile 12 zilizopotea ni 6x, yaani 3x + 3x, kwa sababu (x + 3)² ni (x + 3)(x + 3), na kila kilichomo katika bano la kwanza huzidishwa na kila kilichomo katika la pili. Jaribio hilo halimalizi dakika moja, nalo hufichua kosa kabla mhadhiri hajaliona (ila usijaribu kwa 0, maana hapo hata jibu la makosa huonekana sahihi).

Sambamba na hayo, rudia hesabu za sehemu (kama ½ na ¾) na namba hasi katika vitabu vya kidato cha kwanza, bila kuona haya. Wengi wanaodhani wameshindwa na aljebra huwa wamekwamishwa na sehemu.